Mvuvi Mgeni Gatini: Uchunguzi wa Balaa Zinazojirudia

Miongoni mwa shughuli ambazo mtu mzima mwenye akili zake timamu anaweza kuzianza Jumamosi asubuhi bila ya kufundishwa na yeyote, uvuvi wa gatini ndio unaoonekana kuwa mwepesi kuliko zote, na bila shaka ndiyo sababu ni vigumu kupata shughuli nyingine inayomvunjia mtu heshima upesi kiasi hicho na mbele ya watu wengi kiasi hicho. Kwa uvuvi wa gatini hapa panakusudiwa uvuvi wa mshipi, yaani uzi wa nailoni wenye ndoana na chubwi (kipande cha risasi kinachouzamisha uzi), unaofanywa na mtu aliyesimama au kuketi juu ya gati, ukuta wa bahari au ngazi za kushukia abiria, pasipo kupanda chombo wala kulowa miguu. Uvuvi huu hauhitaji ngalawa, tanga wala nahodha, na anayeutazama kwa mbali, kwa mfano kando ya ukuta wa Forodhani mjini Unguja au kwenye mlango wa bandari ya Dar es Salaam, humwona mzee aliyeketi juu ya kipande cha boksi, uzi umepita juu ya kidole chake cha shahada, macho ameyafumba nusu, na baada ya kitambo mkono unajivuta wenyewe na changu anapanda juu akipigapiga mkia. Kinachoonekana hapo ni mapumziko. Kisichoonekana ni miaka arobaini.

Mvuvi mgeni, ambaye ndiye mada ya insha hii, si lazima awe mtu aliyetoka bara. Anaweza kuwa mzaliwa wa Ng'ambo au Kisauni, mla samaki tangu alipoachishwa ziwa, mwenye babu aliyekuwa mvuvi wa kweli. Na kwa hakika mjukuu wa mvuvi ndiye anayeaibika zaidi, kwa kuwa hufika gatini akiamini kwamba maarifa ya babu yamo damuni na yatajitokeza yenyewe pindi atakaposhika uzi. Kinachomfanya awe mgeni ni kwamba samaki amekuwa akikutana naye sahanini tu, na kwamba uamuzi wa kuvua ameufikia akiwa ofisini, mbele ya kompyuta, baada ya kuambiwa na mwenzake, au na daktari wake, kwamba bahari hupunguza mawazo. Kauli hiyo ina ukweli wake, ila haikufafanua ni mawazo ya nani yanayopungua, maana wanaomtazama hurudi makwao wakiwa wamechangamka sana.

Balaa huanzia dukani, kabla bahari haijaonekana. Ndoana ni chombo cha kale mno: katika pango la Sakitari, kisiwani Okinawa nchini Japani, wanaakiolojia wamepata ndoana zilizochongwa kwa gamba la konokono wa baharini, ambazo umri wake unakadiriwa kufikia miaka 23,000. Muda wote huo haukutosha kwa binadamu kuzipanga ndoana zake kwa namba zinazoeleweka na mtu aliyesoma hesabu. Ndoana namba 12 ni ndogo kuliko namba 8, na namba 8 ni ndogo kuliko namba 1. Lakini namba 1 ikishavukwa, mtindo hugeuka, zikaandikwa 1/0, 2/0, 3/0 na kuendelea, na hapo kadiri tarakimu inavyokua ndivyo na ndoana inavyokua. Mvuvi mgeni, asiyejua lolote kati ya haya, huagiza namba 20 kwa sauti ya mtu aliyemkusudia papa, na muuzaji, ambaye hakuajiriwa kufundisha, humfungia ndani ya karatasi ndoana ambazo mwenyewe hataziona vizuri mpaka avae miwani.

Hununua vilevile fimbo ya kuvulia, ile yenye gurudumu dogo la kukunjia uzi, ingawa wazee wa gatini karibu wote wameuzungushia uzi wao kwenye kibao au chupa tupu ya maji. Fimbo si kifaa kibaya, na penye nafasi ya kutosha humsaidia mtu kurusha mbali. Tatizo lake ni kwamba hufika baharini kwa kupitia daladala. Ndani ya daladala fimbo haina mahali pa kukaa, kwa kuwa ikisimamishwa hugonga paa, ikilazwa huwapita abiria wanne kifuani, na ikitolewa dirishani huleta ugomvi na waendesha pikipiki, hivyo konda, baada ya kuitafakari, huitoza nauli ya mtu mzima. Abiria waliokuwa wamenuna tangu Mbagala hupata cha kuzungumza hadi kituo cha mwisho.

Hata hivyo fimbo na ndoana ni makosa madogo yakilinganishwa na kosa la saa. Mtu wa ofisini huipanga siku kwa saa ya ukutani, ilhali bahari huipanga kwa mwezi, na kutoelewana huko ndiko chimbuko la sehemu kubwa ya vichekesho vya gatini, kiasi kwamba panastahili kuelezwa kwa urefu. Maji hujaa na kupwa mara mbili katika kila saa 24 na dakika 50 hivi, kwa hiyo wakati wa kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku ipitayo. Karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, jua na mwezi huvuta katika mstari mmoja na kuleta bamvua, yaani maji makubwa yanayojaa sana na kupwa sana. Katika Unguja na Dar es Salaam tofauti baina ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa siku hizo hukaribia mita 4, kimo kinachotosha kuizamisha daladala pamoja na mizigo iliyofungwa juu yake. Baina ya bamvua moja na nyingine huja maji mafu, ambayo hupanda kidogo na kushuka kidogo, na mkondo wake huwa mlegevu.

Sasa, mwambao huu una kanuni ambayo kila mtoto aliyelelewa pwani anaijua na ambayo haimo katika kalenda ya ofisi yoyote: siku za bamvua maji hujaa kiasi cha saa 10, alfajiri na jioni, na hukupwa kiasi cha saa 4, asubuhi na usiku. Mvuvi mgeni, ambaye amelala vizuri, amekunywa chai, amemaliza chapati zake na kungoja foleni ipungue, hufika gatini saa 4 asubuhi barabara. Hukuta mchanga. Hukuta mashua zimelala ubavu, watoto wanapiga mpira pale alipokusudia kutupa ndoana, na kaa mmoja anayemtazama kwa makini kabla ya kuingia shimoni kwake. Ukuta ambao picha zinauonyesha ukipigwa na mawimbi umegeuka kuwa genge refu lililoganda chaza, na bahari yenyewe iko mbele huko, inang'aa, wala haina habari naye. Wapo wanaoamua kusubiri, kwa kuwa wamesikia kwamba maji yatarudi, na ni kweli yatarudi, baada ya saa sita. Wakati huo chambo kilichowekwa ndani ya mfuko wa nailoni chini ya jua la adhuhuri kitakuwa kimefikia hali ambayo si samaki pekee anayeweza kuinusa.

Akirudi Jumamosi inayofuata, saa ileile, mambo huwa yamegeuka kabisa. Bamvua imepita, maji mafu yameingia, na saa 4 asubuhi bahari inakuwa imejaa hadi karibu na ngazi, imetulia, inapendeza, na gati zima halina mtu. Mvuvi mgeni huliona hilo kuwa bahati yake, asijue kwamba wazee wako barazani wanacheza bao kwa sababu maalumu, nayo ni kwamba samaki wengi wa ukutani hupenda kula maji yanapotembea na kuwaletea riziki, na maji yaliyosimama huwaacha wamezubaa. Na yule anayeamua kuvua kila baada ya Jumamosi moja hupatwa na mkosi wa aina ya pekee: kwa kuwa bamvua nayo hurudi kila baada ya siku zisizofika 15, mtu huyo hukutana na mchanga uleule kwa wiki kadhaa mfululizo, mpaka akaanza kushuku kwamba kuna mradi wa serikali unaopunguza bahari. Waingereza wa mji wa Southend, ambao maji yao hupwa kwa umbali wa zaidi ya kilomita moja na nusu, walilitatua tatizo hili kwa kujenga gati lenye urefu wa zaidi ya kilomita 2, ili watu na vyombo wayafuate maji yaliko. Mwambao wa Waswahili umechagua ufumbuzi wa bei nafuu zaidi, ambao ni kumwuliza mzee. Lakini ufumbuzi huo unamtaka mtu akubali kuuliza.

Ikitokea amefika wakati unaofaa, mvuvi mgeni hukabiliwa na suala la kurusha. Mshipi wa mkono hurushwa kwa kuuzungusha mwisho wenye chubwi kando ya mwili, mara mbili au tatu, kisha kuuachia unapopanda, huku uzi uliobaki ukiwa umelazwa chini kwa mikunjo iliyofuatana ili uondoke bila ya kujifunga. Maelezo haya yanamtosha kabisa mtu anayeyajua tayari. Asiyeyajua huuachia mapema, chubwi likaruka nyuma kuelekea kwa muuza mihogo; au huuachia kwa kuchelewa, likapiga ukuta miguuni pake; au huuachia kwa wakati mwafaka kabisa akiwa ameukanyaga uzi wake mwenyewe. Hali hii ya tatu ndiyo inayostahili kuchunguzwa kwa karibu: chubwi huenda kwa kasi nzuri, uzi hujinyoosha, kikunjo cha mwisho hukaza kwenye kisigino, na kandambili ya mguu wa kulia huondoka ardhini na kuifuata ndoana baharini kwa umbali ambao ndoana peke yake haikuwahi kuufikia. Kandambili haizami. Huelea, na kwa kuwa ukuta wa Forodhani jioni hujaa vijana wanaojirusha majini kwa mbwembwe mbele ya wageni, hakosekani mmoja wa kuifuata, ingawa kabla ya kuikabidhi huuliza kwa adabu zote: "Mjomba, hii utanipa ngapi?" Bei hupangwa huku mteja amesimama kwa mguu mmoja, jambo ambalo halimpi nguvu katika majadiliano.

Ndoana ikishatua majini huanza kipindi ambacho kwa nje huitwa kuvua na kwa ndani ni kulisha. Chambo, yaani chakula kinachotungwa kwenye ndoana ili kumshawishi samaki, huwa ni kipande cha ngisi, dagaa mbichi au kamba. Na mvuvi mgeni, kwa hoja kwamba samaki mkubwa hatashughulika na kitu kidogo, hununua kamba wale wanaofaa biriani na kuwatunga wazima wazima. Hoja hiyo haizingatii ni nani anayekaa chini ya gati. Anayekaa huko, pamoja na vitoto vya samaki wa kila namna, ni kikande, samaki bapa mwenye kinywa kidogo na meno yenye nguvu ya kupasua magamba ya kaa na chaza, ambaye mwiba wake wa kwanza wa mgongoni hukazwa na wa pili kiasi kwamba akijibana ndani ya tundu la mwamba hakuna anayeweza kumtoa kwa kumvuta. Kikande hamezi chambo kwa pupa. Humdonoa kamba kuanzia mkiani, akampitia pande zote kwa utulivu, na kuiacha ndoana ikiwa safi kuliko ilivyotoka dukani.

Kwenye kidole cha mwenye mshipi mlo huo huhisika kuwa ni mguso mdogo wa haraka, kisha mwingine, kisha kimya. Mzee mzoefu huusikiliza mguso wa kwanza, akaulegeza uzi kidogo, na kwa ule wa pili huukaza kwa kukunja kifundo cha mkono tu. Mvuvi mgeni, ambaye ameungoja mguso huo tangu Jumatatu, huvuta kwa mikono miwili na mwili mzima mara unapotokea, akarudi nyuma hatua nne na kumkalia mtu. Kisha hutunga kamba mwingine. Ikipimwa kwa kilo, hakuna shaka kwamba siku yake ya kwanza huiongezea bahari chakula kuliko anachokitoa humo, na kama takwimu za uvuvi zingekuwa na safu ya michango, jina lake lingestahili kuandikwa.

Kunasa nako kuna elimu yake. Kunasa ni pale ndoana inapoingia katika mwamba, nguzo, kamba ya nanga au tairi na kukataa kutoka. Na tairi halikutajwa kwa bahati mbaya, kwa kuwa magati mengi hutundikiwa matairi chakavu ya magari ubavuni ili vyombo vinapofunga gati visijigonge. Mkondo ukiisukuma ndoana ikaingia ndani ya tairi, anayevuta juu husikia uzito mkubwa unaotikisika kila wimbi linapopita, na mvuvi mgeni, ambaye hana samaki mwingine wa kumlinganisha naye, huamini kwamba saa yake imefika. Hutanua miguu. Huwaamuru watoto warudi nyuma. Mtu mmoja hutoa simu kurekodi, mwingine hujitolea kumshika kiunoni asije akavutwa baharini, na muuza mihogo huliacha jiko lake. Mvutano huweza kuendelea robo saa nzima, mvuvi akitoa maelezo kuhusu nguvu za samaki huyo na pengine kutaja aina yake, mpaka mzee wa kwenye boksi, ambaye hajageuza shingo muda wote huo, anapotamka hukumu: "Kata, mwanangu. Huyo hapandi." Aliyekuwa akirekodi huendelea kurekodi.

Kuna jambo jingine ambalo sayansi haijalieleza, nalo ni kwamba samaki wa kwanza kabisa kupandishwa na mvuvi mgeni huwa ni bunju. Bunju ni samaki mfupi, mnene, asiye na magamba ya kawaida, mwenye meno manne yaliyoungana mithili ya mdomo wa kasuku, meno ambayo hukata uzi mwembamba kwa wepesi na kidole kwa wepesi usiopungua sana. Akitolewa majini hufura kwa kujijaza hewa tumboni, na kitendo hicho, ambacho baharini ni kinga dhidi ya wanaotaka kummeza, gatini huleta mtafaruku, maana mvuvi aliyenyoosha mkono kumshika samaki wa kiasi cha kiganja hujikuta ameshika mpira unaomkodolea macho. Humwachia. Bunju hudunda, hubingirika kuelekea penye watu, na wenye kanzu huzikunja. Kumtoa ndoana ni kazi inayohitaji koleo ambalo mvuvi mgeni hakulinunua, kwa kuwa fedha zilikwisha kwenye fimbo.

Hapa mzaha hauna budi kusimama kidogo. Ini la bunju, mayai yake na mara nyingi ngozi yake huwa na sumu iitwayo tetrodotoksini, ambayo moto wa jikoni hauiharibu na ambayo hadi leo haina dawa mahususi ya kuiondoa mwilini. Anayeila hufa ganzi midomo, kisha viungo, na ikizidi hushindwa kupumua. Nahodha James Cook alikaribia kuthibitisha hilo kwa roho yake mwezi Septemba 1774, alipokuwa New Caledonia, ambako karani wake alinunua samaki wa jamii hii kutoka kwa mwenyeji. Kilichomwokoa nahodha ni urasimu: wasomi waliokuwa melini walichukua muda mrefu kumchora na kumwandikia maelezo samaki huyo hata ikawa kumechelewa kumpika, hivyo yeye na wenzake wawili walionja ini na mayai tu. Usiku viungo vilikufa ganzi hadi Cook akashindwa kutofautisha uzito wa chombo kilichojaa maji na wa unyoya, na nguruwe aliyekula matumbo alikutwa amekufa. Mvuvi mgeni wa leo hana mchoraji, ila ana simu, na ni heri anapoitumia: picha ya bunju hufika nyumbani kabla ya mvuvi, na jibu la mama watoto hurudi bila kukawia likisema kwamba huyo asiingie jikoni kwake. Wazee wa gatini humrudisha baharini kwa ncha ya kandambili, bila maneno.

Baada ya bunju huja tasi, ambaye wengine humwita tafi au chafi, na ambaye huwa amepatikana kwa sababu mtoto aliyekaa karibu alimwonea mvuvi huruma na kumpa chambo cha mwani au donge la unga, kwa vile tasi hula zaidi majani ya baharini na kamba wa biriani hawamhusu. Tasi ni mtamu, na furaha ya kumpata humfanya mvuvi mgeni amkumbatie. Miiba yake ya mgongoni, tumboni na chini karibu na mkia ina sumu isiyoua lakini inayouma kwa namna inayomtoa mtu katika lugha rasmi. Tiba inayokubalika na waganga na madaktari ni kuuzamisha mkono katika maji ya moto yanayovumilika, yasiyochemka, kwa kuwa joto huivunja sumu hiyo. Na kwa kuwa maji ya moto yaliyo karibu zaidi huwa ni ya muuza kahawa, mwenye dele lake juu ya makaa, hutokea kwamba mhasibu wa kampuni anaonekana amepiga magoti mbele ya muuza kahawa, mkono ndani ya bakuli la kuoshea vikombe, akizungukwa na wateja wanaoendelea na mazungumzo yao ya mpira. Wengine humwagiza aharakishe, wanataka vikombe.

Wateja hao na wenzao wanastahili neno. Gati la mwambao ni baraza iliyojengwa juu ya maji, na mvuvi mgeni akishatandaza vitu vyake huwa amekubali, bila ya kujua, kufanyiwa usaili na kila apitaye. Mmoja atasema chubwi lake ni zito, mwingine atasema jepesi. Mmoja atamwambia avulie upande wa kivuli, na mwingine, ambaye amesimama kivulini, atamwambia upande wa jua. Jambo la kushangaza ni kwamba wote huwa wanasema kweli, kwa kuwa kila mmoja anaeleza maji ya siku yake na upepo wa siku yake, kaskazi au kusi, na mgeni hana pa kuupachika ushauri huo ila kuutekeleza wote kwa mpigo, akihama gatini kutoka mwisho hadi mwisho na uzi ukimfuata nyuma. Kisha huja swali ambalo haliepukiki, "Umepata kitoweo?", na jibu lililo sahihi kwa adabu za pwani ni "Riziki hiyo, bwana," linalofunga mazungumzo bila ya uongo wala ukweli. Mvuvi mgeni hajui jibu hili. Hueleza kwa kirefu kuhusu yule mkubwa aliyekata uzi, na muulizaji, ambaye alikuwepo wakati wa tairi, husikiliza kwa heshima.

Linabaki suala la samaki anayefika nyumbani, kwa sababu ni wazi kwamba lazima afike. Dar es Salaam soko la Feri liko karibu na bahari kiasi kwamba kulipitia si dhambi ya makusudi, na mnada wake huwa na nguru, jodari na changu wa kila ukubwa. Mvuvi mgeni angechagua changu wawili wadogo, hadithi yake ingesimama. Lakini siku nzima ya fedheha humsukuma achague jodari, samaki wa maji makuu anayesafiri kwa makundi mbali na pwani, ambaye kumpata kwa ndoana namba 20 chini ya ukuta ingekuwa habari ya kutangazwa redioni. Jodari huyo hupokewa vizuri. Huoshwa, hugeuzwa upande wa pili, matamvua yake hufunuliwa kuangaliwa kama yangali mekundu, na kutoka ndani ya matamvua hayo huanguka kipande cha barafu, kikalia ndani ya karai. "Baba watoto," huulizwa kwa upole ambao hauna mwanya wa kutokea, "huyu ulimvua na barafu yake?"

Pamoja na yote hayo, insha hii haina nia ya kumzuia mtu. Wengi wa wazee wanaokaa juu ya maboksi walianza utotoni, umri ambao kupoteza kandambili, kumkumbatia tasi na kuvutana na tairi havihesabiwi kuwa aibu, na tofauti baina yao na mhasibu ni kwamba wao walichekwa mapema. Msomaji aliyepanga kwenda Jumamosi hii na autazame mwezi kwanza. Aiache fimbo nyumbani na kununua mshipi wa kawaida wenye ndoana namba 8, koleo dogo na kisu cha kukatia uzi. Aulize wenyeji kama mahali hapo panaruhusiwa kuvuliwa, kwa kuwa magati ya bandari yana sehemu zilizofungwa kwa usalama. Avae viatu vya kufunga. Na bunju amrudishe baharini, hata kama ndiye pekee aliyepatikana.